Jiwe Lililobaki Mlangoni mwa Stesheni

Mchoro wa lango jipya ulibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha tiketi wiki mbili kabla ya kazi kuanza, na nadhani mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kuusoma kwa makini, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Ulikuwa mchoro mzuri. Tao letu la mawe meusi lilikuwa limesafishwa hadi likawa jeupe. Kulikuwa na miti ambayo haioti kwetu. Kulikuwa na wanaume waliovaa suti na wanawake wenye mikoba midogo, wakipita mlangoni bila haraka. Niliwakagua watu hao mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyebeba kitu. Hapakuwa na kikapu cha kyondo, wala kuku, wala gunia la pojo, wala mtoto mgongoni. Aliyeuchora hakuwahi kuona mtu akipanda treni.

Ilikuwa mapema katika miaka ya sabini, kwenye stesheni ndogo ya reli ya Mombasa, upande wa Kambu. Jina lake nitaliacha. Waliohusika wengine bado wanaishi, na wengine ni wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nilitoka Kanyangi, nikavuka mto Athi wakati wa kiangazi kwa miguu, na kufikia hapo nilikuwa nimeshakata mkonge, nimechimba visima, na nimeuza sabuni kwa baiskeli isiyokuwa yangu. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu wetu alikuwa akijibu maswali aliyoyauliza mwenyewe tu, na mimi yangu yalikuwa mengine.

Stesheni ilijengwa na wakoloni, na kwa jambo hilo moja nitawasifu: walijua kupanga mawe. Lango lake lilikuwa tao la mawe meusi yaliyoletwa kutoka upande wa vilima vya Chyulu, na mbele yake ngazi saba za mawe hayohayo. Ngazi ya juu kabisa ilikuwa kama kizingiti, imeinuka kidogo kuliko sakafu ya ndani. Treni ya polepole, ile iliyochanganya watu na mizigo, ilifika saa nne asubuhi na kusimama kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, mradi unywaji uwe wa haraka. Wauzaji hawakuruhusiwa kuingia ndani, kwa hiyo walikaa kwenye ngazi na abiria wakawafuata mbio. Aliyekaa ngazi ya juu alifikiwa kwanza. Aliyekaa ngazi ya chini alisikia filimbi ikipulizwa kabla hajafungua kifuniko.

Ngazi ya juu, upande wa kulia, chini kabisa ya tao, alikaa mwanamke mmoja tuliyemwita Mwaitu, yaani mama, kama sisi Wakamba tunavyowaita wanawake wote wa umri ule. Aliuza chai na mandazi. Jiwe lake lilikuwa na shimo katikati, la upana wa sahani, lililochimbwa na miguu ya watu wa miaka mingi, na jiko lake la makaa liliingia mle kana kwamba vilitengenezwa pamoja. Stesheni ile ilikuwa na upepo mbaya. Treni za mafuta zilipopita bila kusimama, vumbi na upepo wake viliangusha birika za wengine wote. Ya Mwaitu haikuanguka. Alikuwa na kivuli, alikuwa na jiwe lenye shimo, na alikuwa wa kwanza kwa abiria. Alikuwa mjane, na pale ndipo palipokuwa shamba lake, kwa sababu lile lingine lilizaa mawe matupu.

Wauzaji waliitwa kwenye mkutano. Injinia alitoka Nairobi kwa gari lenye pazia dirishani. Alikuwa kijana kama mimi, lakini aliyekula vizuri. Alisimama ngazi ya tatu akaongea juu ya heshima ya taifa. Alisema mgeni mkubwa atakuja kulifungua lango. Alisema ngazi zitaondolewa na pawe na mteremko wa saruji na sakafu ya terazo, na tao libaki, kwa ajili ya historia. Alisema wauzaji wahame kwa muda mfupi tu, waende kule kwenye tangi la maji.

"Na kazi ikiisha," akasema, "kila mtu atarudi mahali pake."

Watu wakapiga makofi. Watu wetu walipiga makofi kwa kila kitu miaka ile. Nadhani tulifikiri uhuru utakasirika tukinyamaza.

Mwaitu akanyoosha mkono. "Bwana Injinia, mahali pangu mimi ni wapi kwenye hiyo karatasi?"

"Wewe unakaa wapi, mama?"

"Umepakanyaga ukija."

Injinia akakunjua nakala ya mchoro aliyokuja nayo, akaweka kidole, akakitoa, akakiweka tena. "Hapo," akasema, "kuna chungu cha maua."

"Cha maua."

"Ndiyo. Kimoja kulia, kimoja kushoto."

"Na maua hayo yatakunywa maji ya nani?"

Watu wakacheka. Mwaitu hakucheka. Kwetu, mwezi ule wa tisa, wanawake walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta debe moja. Injinia akasema mambo madogo yatarekebishwa wakati wa utekelezaji. Neno hilo, utekelezaji, nilikuwa silijui. Nikadhani ni aina ya chombo cha kujengea, na baada ya yote niliyoyaona siwezi kusema nilikosea sana.

Kibarua nilikipata kwa sababu nilijua kuandika namba. Mtu mmoja huko Nairobi alikuwa ameamua kwamba mawe ya ngazi yasitupwe. Yapewe namba, yapangwe nyuma ya ghala, halafu siku moja yajengewe bustani. Siku moja hiyo haijafika hadi leo. Nilipewa kopo la rangi nyeupe na brashi, na nyapara akanionya nisianzishe ujuaji.

Huyu nyapara ni lazima nimweleze. Alitoka Kalamba, mtu mrefu mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi, na alikuwa ameokoka. Alikuwa ameokoka kwa sauti ya juu. Hakumtukana kibarua kabla ya kusema Bwana asifiwe, na akishamaliza kumtukana alimsamehe palepale mbele ya watu, jambo lililouma kuliko matusi. Biblia yake ilikaa kwenye mfuko mmoja na chakula chake cha mchana, na kwa hiyo ilinuka maharagwe. Alipenda kutuambia kwamba watu wa Kitui, yaani sisi wa ng'ambo ya Athi, tulikuwa bado gizani.

"Nyinyi mnaabudu miti," aliniambia siku ya kwanza.

"Mimi sijawahi kuabudu hata kiti, mzee," nikamjibu, na akanipa kazi ya kubeba kokoto siku nzima kabla ya kunirudishia brashi.

Siku ya pili ya kuandika namba, mchana, vibarua walipokwenda kula, Mwaitu alikuja na kikombe cha chai ambacho sikuwa nimekiagiza. Alikaa kwenye jiwe lake, ambalo nilikuwa sijalifikia bado.

"Wewe ni mtoto wa Kanyangi," akasema. "Babu yako alikuwa na mizinga?"

"Alikuwa nayo mingi."

"Unajua kuchonga alama?"

Kwetu mzinga wa nyuki ni gogo lililotobolewa, linatundikwa mtini porini, mbali na nyumba, bila mlinzi. Kinachoulinda ni alama ya ukoo iliyochongwa kwenye gogo. Ukiiona alama na si yenu, unapita. Usipopita, kuna mbuzi wa kulipa, na kabla ya mbuzi kuna mambo ambayo wazee hawakuyataja mbele ya watoto. Kwa kuwa hawakuyataja, kila mtoto aliyajua. Tumbo linavimba. Nyuki wanakufuata hadi nyumbani. Nilikuwa nimemuuliza babu juu ya alama hizo mpaka akachoka na mimi, na kufikia miaka kumi niliweza kuchora za koo nyingi kuliko watu wazima wengi.

"Najua," nikasema. "Lakini hili ni jiwe, Mwaitu. Si mzinga."

"Nani alisema ni mzinga? Nakuuliza unajua kuchonga."

"Unalipenda sana jiwe hili?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama anaipenda barabara. "Nilipende kwa nini? Napataka mahali. Jiwe likiondoka hapa, litakuja chungu. Jiwe likibaki, hakuna chungu. Ni hivyo tu. Kunywa chai."

Akachora vumbini kwa kidole alama ya ukoo wa baba yake: mistari miwili imelala, na mmoja umesimama ukiikata. Nikaazima tindo ya fundi wa mawe, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha ghala na kofia usoni, nikaichonga ubavuni mwa jiwe, upande unaotazama nje. Jiwe lilikuwa gumu na mimi nilikuwa na haraka. Nilipomaliza, Mwaitu alichukua majivu ya jikoni na masizi ya chini ya birika, akayachanganya na chai iliyobaki kwenye kikombe changu, akaipaka mikato hiyo mpaka ikaonekana ya zamani kama jiwe lenyewe. Alifanya hivyo kama mtu anayepaka mafuta sufuria.

"Na namba?" nikauliza.

"Ruka."

Nikaruka. Kwa hiyo kuna namba thelathini na nane na namba arobaini, na hakuna thelathini na tisa, na katika wote waliosimamia kazi ile kwa suti na kalamu, hakuna aliyegundua.

Kesho yake vibarua walianza kung'oa. Ngazi sita za chini ziliisha kabla ya jua kuwa kali. Walipofika juu, aliyekuwa na mtaimbo akainama kutafuta pa kuuingizia, akaona, akainuka polepole, akauegemeza mtaimbo ukutani, akaanza kujisugua mgongo.

"Ninyi, nini?" nyapara akaita.

"Mgongo, mzee. Umenishika ghafla."

"Wewe mwingine, chukua."

Wa pili akaenda, akainama, akainuka. Alisema mke wake ni mjamzito na asingependa kushika chuma kizito. Nikamuuliza kama ni yeye atakayezaa. Akaniambia nifunge mdomo. Wa tatu alikuwa mtu mkweli zaidi. "Mimi niko tayari kabisa," akasema, "ila nyapara atangulie."

Nyapara akaja mwenyewe. Akachuchumaa, akavuta suruali yake isikunjike, akaitazama alama ile kwa muda mrefu. Niliuona uso wake kutoka ubavuni. Yule aliyetuambia tunaabudu miti alikuwa amekumbuka kitu, na kitu hicho hakikuwa kwenye Biblia yenye harufu ya maharagwe.

"Bwana asifiwe," akasema kwa sauti ndogo.

"Amina," wakajibu.

"Huu ni upuzi wa wazee. Sisi tumeokoka."

"Amina."

"Hatuogopi alama ya mzinga."

"Amina."

Hakuna aliyesogea. Basi akaamua kwamba jiwe liombewe. Tukasimama duara, kofia mikononi, na nyapara akaomba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akakemea, akafunga, akafungua, akaomba muda mrefu mpaka treni ya mizigo ikapita na kumalizika na yeye bado anaendelea. Niliyaacha macho yangu wazi. Niliona watu wazima kumi na wawili, wote wenye vyeti vya ubatizo, wamefumba macho, na kila mmoja amerudi nyuma hatua moja kutoka pale alipoanzia. Maombi yalipoisha tulisema amina kwa nguvu sana. Halafu tukafungua macho na wote tukautazama mtaimbo.

"Ni saa ya kula," nyapara akasema. Ilikuwa bado saa tatu na nusu.

Kule kwenye tangi Mwaitu alikuwa akikanda unga. Hakutazama upande wetu hata mara moja.

Injinia alikuja siku mbili baadaye. Hakushuka garini, kwa sababu ya joto. Nyapara alisimama dirishani na kumpa taarifa, na mimi nilikuwa karibu, nikiosha brashi iliyokuwa safi tayari.

"Kuna jiwe moja limekataa, bwana."

"Limekataa vipi?"

Hapo nyapara, mzee wa kanisa, akadanganya kwa ufundi ambao sikuutarajia. "Limeshikana na msingi wa tao. Wale wazungu waliliingiza ndani sana. Tukiling'oa, tao lote linakuja chini."

"Una uhakika?"

"Fundi wa mawe amelipima."

Fundi wa mawe, akiwa na kofia usoni, hakuwa amepima kitu chochote tangu Jumatatu. Lakini Injinia alitoa kalamu, akafungua mchoro mapajani, akachora duara dogo, akaandika kando yake maneno niliyoyasoma baadaye kwa kunyoosha shingo: jiwe libaki, sababu za kiufundi. Akatia sahihi. Chungu cha kulia akakifuta. Hivyo ndivyo alama ya mzinga ilivyoingia katika kumbukumbu za serikali kama sababu ya kiufundi, na kama kuna jalada mahali fulani, bado imo.

Muda mfupi ulioahidiwa uligeuka kuwa miezi. Saruji ilikwisha ikaletwa nyingine. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja zikaondoka na nusu ya mteremko, na wakaujenga tena palepale na vilevile. Vyungu vya maua vilifika kwa treni vikiwa vitatu, kimoja kimevunjika, pamoja na maua yaliyokufa kabla hayajateremshwa. Nyapara akayapanda hivyohivyo na akaamuru yamwagiliwe.

Kwa Mwaitu miezi hiyo ilikuwa mibaya, na hapa sina mzaha. Kule kwenye tangi hapakuwa na kivuli na ardhi ilikuwa imeinama. Jiko lake aliliegemeza kwa vipande vya matofali, na upepo wa treni ukaliangusha mara tatu nikiona kwa macho yangu. Mara ya tatu maji ya moto yalimwagikia mguu wake, akawa anachechemea. Abiria hawakufika kule. Waliteremka, wakatazama matope yaliyokuwa mlangoni, wakarudi ndani. Wauzaji wengine walikata tamaa, wakahamia barabara kuu kuuzia malori. Yeye alikuja kila siku. Nilimuuliza kwa nini asiende barabarani na wenzake.

"Nikienda," akasema, "watasema hakukuwa na mtu hapa."

Kazi ilipoisha, sakafu ya terazo ilikuwa tambarare na yenye kung'aa, na upande wa kulia, chini ya tao, jiwe jeusi lilikuwa limechomoza juu yake kwa kimo cha kiganja, na shimo lake katikati na alama yangu ubavuni. Ni kama ng'ombe aliyelala sebuleni. Injinia aliliona siku ya kukabidhi kazi, akakunja uso, akafungua mchoro, akaona sahihi yake mwenyewe, akaufunga.

Mgeni mkubwa alikuja. Sitasema alikuwa nani, na hakuna hasara, maana alifanana na wengine. Shule zilisimamishwa barabarani tangu asubuhi, wanawake waliimba, utepe ulikatwa. Alipovuka chini ya tao aliona wanawake waimbaji upande wa kulia, akageuka kwenda kuwapungia mkono karibu zaidi, kichwa juu, tabasamu mbele, na kiatu chake kikagonga jiwe. Hakuanguka. Alikimbia hatua nne akiwa ameinama, kofia ikatangulia, na wanaume sita wakamdaka kutoka pande zote. Nyimbo zikakatika.

"Hii ni nini?" akauliza.

Injinia alimtazama nyapara. Nyapara alitazama maua yaliyokufa. Halafu Injinia akasema, kwa sauti ya mtu anayejitupa mtoni, "Ni kumbukumbu, Mheshimiwa. Ni jiwe la kwanza la stesheni. Tumelihifadhi. Kwa ajili ya historia."

Mheshimiwa akainama. Akaona mikato ubavuni, akaigusa kwa kidole. "Na hii?"

"Alama ya... wenyeji, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akajinyoosha, uso umebadilika kabisa, akageukia watu, akatoa hotuba. Alisema wazee wetu waliacha alama zao hapa kabla reli haijafika. Alisema mzungu alilikuta jiwe hili na hakuthubutu kuliondoa. Alisema taifa lisilohifadhi mawe yake ni taifa bila kitu gani sijui, na akaagiza palepale kwamba jiwe lisiguswe na mtu yeyote, leo wala kesho. Mpiga picha akapiga picha. Watu wakapiga makofi. Mimi, niliyelichonga kwa tindo ya kuazima miezi michache kabla yake, nilipiga makofi pia, na aibu yangu ni kwamba kwa dakika chache nilijisikia msanii.

Mwaitu alikuwa kando ya ukuta, na jiko lake baridi mkononi. Alikuwa amelileta, maana kazi ilikuwa imeisha na kila mtu aliahidiwa kurudi mahali pake. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa amelielewa agizo lile kabla yetu sote.

Kabla ya juma kuisha waliweka vyuma vinne vifupi kulizunguka jiwe, na mnyororo mweupe, na bango lenye maneno USIGUSE. Nyapara aliachiwa kazi ya kulinda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulikuwa tumelishinda chungu cha maua ili tulipoteze jiwe kwa historia. Halafu nikamwona Mwaitu akipita na mguu wake mbaya kuelekea kwenye tangi, na kicheko kikaniishia.

Jumatatu alikuja mapema kuliko kawaida. Nilikuwa bado pale, nikifagia mabaki ya saruji, kibarua changu cha mwisho. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mnyororo, akauinua mguu mzima, akauinua ule mwingine kwa mkono kama mzigo, akasimama ndani. Akaliweka jiko shimoni. Likaingia.

Nyapara alifika mbio. "Mama! Mama, hapa haparuhusiwi. Huoni bango?"

"Sijui kusoma, mwanangu."

"Limeandikwa usiguse."

"Sijagusa. Jiko ndilo limegusa. Litoe."

Nyapara akanyoosha mkono kuelekea kwenye jiko. Mkono ulifika juu ya jiwe ukasimama. Makaa yalikuwa hayajawashwa, kwa hiyo hakuogopa kuungua. Aliurudisha akaupangusa kwenye suruali.

"Mwaitu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "hii alama ni ya nani?"

"Unaijua. Uliisomea maombi."

"Ni ya ukoo gani?"

"Wa baba yangu."

Nyapara akanitazama mimi na ufagio wangu. Akaitazama tena alama, na nadhani wakati huo alielewa yote: chai, mchana ule, namba iliyorukwa. Angeweza kumwita Injinia. Angeweza kusema jiwe la kale la taifa lilichongwa na mtoro wa shule kutoka Kanyangi. Lakini basi ingembidi aeleze pia ni kwa nini watu kumi na wawili waliookoka waliliombea na kuliacha, na ni nani aliyesema limeshikana na msingi. Niliziona hoja hizo zikipita usoni mwake moja baada ya nyingine, kama mabehewa.

"Mheshimiwa alisema lisiguswe na mtu yeyote," akasema mwishowe.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Basi usilitoe jiko langu."

Filimbi ya treni ya saa nne ikasikika mbali. Mwaitu akapiga kiberiti. Nyapara alisimama pale na mikono yake mirefu, akasikiliza treni inakuja, akatazama ule mnyororo uliokuwa kati ya abiria na chai, akauinamia na kuufungua upande mmoja. Akauweka chini kwa uangalifu, umenyooka, kama mtu aliyeagizwa. "Ni wa kufunguliwa saa nne," akanitangazia mimi, ambaye sikuwa nimeuliza. "Halafu unafungwa."

Alifanya hivyo kesho yake pia, na keshokutwa. Nilikaa juma moja zaidi ili kuona kama ataacha, na hakuacha. Abiria walifikiri mnyororo, bango na mwanaume wa suti ya kaki vyote vimewekwa kwa heshima ya chai, na wakanunua zaidi.

Asubuhi niliyoamua kuondoka, nilikwenda kumuaga. Alinimiminia kikombe na kunisubiri nimalize, jicho lake likiwa ubavuni mwa jiwe.

"Mstari wa pili umeupinda," akasema.

"Nilikuwa na haraka, Mwaitu."

"Babu yako angekuchapa," akasema, akachukua kikombe chake, kwa sababu treni ilikuwa inaingia.